Maneno Mgongoni mwa Steringi

Kuna swali lililoninyima usingizi kwa majuma mawili. Ukweli uliochelewa miaka kumi na sita unamsaidia anayeambiwa, au unamsaidia msemaji peke yake? Nililigeuza hivi na hivi kama kitumbua kilichokwisha kuiva, mpaka likaungua pande zote mbili.

Lilianzishwa na mtoto mdogo. Nafanya kazi kwenye steshenari hapa Kibaha, karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua za kuombea kazi za wenzangu waliomaliza chuo kama mimi, na zangu nazichapa mwenye duka akishaondoka. Siku hiyo aliingia mama mmoja na mwanawe, anataka picha kubwa ya sherehe ya kuzaliwa. Mtoto alikuwa amevaa kama wale mashujaa wa vitabu vya katuni: fulana iliyojazwa sponji kifuani ionekane misuli, na joho jekundu la nailoni lililofungwa shingoni. Alikuwa akizunguka duka zima mikono mbele, akivumisha upepo kwa mdomo. Alipogeuka, nilijikuta nimeinama ili nisome mgongo wake.

Hapakuwa na kitu. Nailoni tupu.

"Dada, umeona nini?" mama yake akauliza.

"Hamna, naangalia tu," nikasema. Ningemwelezaje kwamba kwetu joho la shujaa lilikuwa na maandishi?

Nilipofika nyumbani, mama yangu alikuwa anachambua mchicha. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Yule jirani wa marehemu bibi yako anahamishwa. Mwanawe anakuja kumchukua Jumamosi ya wiki ijayo, anampeleka Songea. Macho yameshamwacha. Nenda ukamuage, yule amekulisha sana."

Nikasema nitaangalia nafasi. Mama akanitazama. Mtu wa kutoa kopi anaangalia nafasi gani?

Kwetu ni Masaki, na usidhani ni ile ya Dar es Salaam yenye maghorofa. Chuoni niliposema natoka Masaki, wenzangu walininyooshea mkono kwa heshima mpya, mpaka mmoja akauliza, "Masaki ya wapi?" Nikajibu, "Ya Kisarawe, ya mkaa na mihogo." Mkono ukarudi. Nililelewa huko na bibi kwa sababu mama alikuwa anapika kwenye bweni la shule hapa Kibaha, na bwenini hawakutaka mpishi mwenye mtoto.

Nakumbuka asubuhi za huko kwa pua kuliko kwa macho. Moshi wa kuni mbichi, maganda ya mihogo yaliyoanza kuchacha, na harufu ya nazi na iliki kutoka kwa jirani. Jirani alikuwa rika la bibi, na aliishi kwa kukaanga vitumbua. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa minyaa wenye uchochoro wa kupita mtu mmoja, uliochimbwa na miguu yao. Waliolewa kijijini mwaka mmoja. Walijifunza kusoma pamoja kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo wote wawili walisoma kwa namna moja, kidole chini ya herufi na midomo ikitikisika. Waliitana shoga, na walipogombana waligombana kwa sauti, kisha mmoja akapeleka nazi.

Vitumbua vile vilifungwa kwenye karatasi, na hapo ndipo mashujaa walipoingia katika maisha yangu. Mtoto wa jirani alikuwa akimletea mamaye furushi la vitabu chakavu vya Kizungu vinavyouzwa kwa kilo kwa ajili ya kufungia. Kulikuwa na vitabu vya hesabu na vya dawa, na katikati yake vya katuni. Watu wenye misuli kama mizizi ya mkorosho, nembo kifuani, joho likipepea nyuma. Jirani alinichagulia. Akiniona natokeza uchochoroni na sahani yangu aliita, "Njoo, mtu wangu wa karatasi! Leo kuna mmoja anaruka bila mbawa."

Hatukujua Kiingereza. Hatukuwahi kupata kurasa mbili zinazofuatana. Leo steringi, ndivyo tulivyomwita shujaa wa hadithi yoyote, amebeba gari, kesho amefungwa minyororo, keshokutwa anabusiwa. Mwanzo na mwisho vilikuwa vimekwenda na vitumbua vya watu wengine. Jambo lililonishangaza zaidi ni mafuta. Karatasi ikishalowa, ilionyesha hadi upande wa pili. Uliiinua juani ukamwona steringi na adui wa ukurasa wa nyuma wamekaa ndani ya mwili mmoja, ngumi ya huyu ikitokea begani kwa yule. Nilidhani ndivyo walivyochorwa.

Bibi hakuwaheshimu hata kidogo. "Huyu mbona kavaa chupi juu ya suruali? Alikosa mke wa kumwambia?" Siku nyingine alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kutwa anapigana. Shamba lake analima nani?" Lililomkera zaidi lilikuwa kinyago cha usoni. "Mtu mwema anafunika uso wa nini? Ukimsaidia mwenzio msibani unafunika uso? Anayejificha ni mwizi." Nilicheka wakati ule. Chuoni niliwahi kuandika kurasa kumi na mbili kuhusu mashujaa wa katuni na maana yao katika jamii, nikanukuu wasomi, na sikufika alipofika bibi kwa sentensi tatu.

Mchezo wetu ulikuwa nyuma ya shule. Mtoto wa muuza mkaa ndiye aliyejipa mamlaka ya kugawa nafasi.

"Msichana hawi steringi. Wewe mama yake steringi."

"Mbona mama yake hayupo kwenye karatasi?"

"Si ameshakufa? Lala chini."

"Karatasi za nani?" nikamuuliza.

Karatasi zilikuwa zangu. Hivyo nikawa steringi wa kwanza wa kike wa Masaki, lakini steringi asiye na joho, na walinizomea kwa hilo. "Steringi gani mgongo wazi kama kuku wa kunyonyoka!"

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana hili ndilo lililotuponza. Mwaka ule shemeji zake bibi walidai mikorosho mitatu ya bondeni. Walisema ilipandwa na baba yao. Bibi alisema aliipanda mwenyewe alipokuwa mwari wa ndoa, na kwamba aliyemshikia miche ni shoga yake. Jirani akaitwa barazani, kwenye ofisi ya kijiji. Alikuwa anakaa kwenye kiwanja walichompa wao, hao shemeji. Nilikuwepo, nimekaa chini karibu na miguu ya bibi, na nililisikia jibu lake.

"Mimi niliikuta imeshapandwa."

Basi. Mikorosho ikaenda. Njiani kurudi bibi hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Mwoga usimsukume, ataanguka na wewe." Asubuhi yake akanituma vitumbua kama kawaida, na jirani akaniongezea kimoja bila kunitazama usoni.

Juma lilelile bibi alirudi kutoka gulioni na doti ya kanga. Nyeusi na njano, yenye korosho kubwa pembeni, lile pambo lililojikunja kama tone. Aliikata, kipande kimoja akampelekea mama kule Kibaha, kimoja akakitandaza kitandani. Akapitisha kidole chini ya jina la kanga, polepole, nami nikafuata kwa macho: NILIKUDHANI NGAO KUMBE CHEKECHE. Akaikunja mara nne, maneno yakiwa ndani, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

"Hii haitoki nje," akaniambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani haitoki kwa sababu ni nzuri mno.

Ilitoka siku ya tatu. Bibi alikuwa shamba. Nilifunga ncha mbili shingoni, nikaivuta inyooke, ikapepea kama za kwenye karatasi, hata zaidi, kwa kuwa zile hazikuwa na korosho. Nilikimbia nyuma ya shule watoto wote wakinifuata wakipiga kelele, "Steringi hafi! Steringi hafi!" Kisha nikataka mtu mmoja anione kuliko wote. Aliyenipa karatasi. Nikapita uchochoroni mikono mbele, nikaingia uani kwa jirani, nikazunguka jiko lake mara mbili.

Palikuwa na wateja, sita au saba, wakingoja. Niligeuka, nikawapa mgongo. Mwanamume mmoja dereva wa bodaboda akasoma kwa sauti, akiyakokota maneno, "Ni-li-ku-dha-ni nga-o..." Akafika mwisho, akainua macho ukutani. Pale ukutani, kwenye msumari, lilining'inia chekeche la jirani la kuchungia unga wa mchele. Uani watu wakaangua kicheko.

"Bibi kajibu!" mmoja akasema.

"Kajibu, tena kwa herufi kubwa! Ile ya barazani hii!"

"Shoga mtu, kula hiyo na chai!"

Jirani hakucheka. Aliweka chini ule mti wa kugeuzia, akafuta mikono, akanishika bega. Mikono yake ilikuwa ya moto.

"Nani kakuvisha hii?"

Ilikuwa nguo ya wizi kutoka sandukuni, na mimi niliogopa fimbo. "Bibi," nikasema.

"Kakwambia uje nayo hapa kwangu?"

Sikujibu. Nataka unielewe hapa, maana nimelifikiria jambo hili kuliko nilivyofikiria mtihani wowote. Kwenye karatasi zangu, steringi akikamatwa na kuulizwa, hasemi. Hukaza taya na kutazama mbali. Nilikaza taya, nikatazama mbali. Niliona fahari, ndugu yangu! Lakini Masaki mtoto akiulizwa na mkubwa akanyamaza, amejibu. Kunyamaza kwake ni ndiyo.

Jirani akaniachia. "Haya. Nenda kamwambie nimesoma."

Sikumwambia. Niliikunja kanga, nikairudisha sandukuni, na bibi aliporudi na jembe begani akauliza nimeshinda wapi, nikasema hapahapa. Kesho yake alinituma vitumbua. Beseni lilikuwa limejaa, naliona, na jirani akasema, "Mwambie vimekwisha." Bibi akaenda mwenyewe, akasikia mlango ukifungwa. Akapeleka nazi, nazi ikarudishwa kwa mkono wa mtoto aliyekuwa akipita njiani. Siku nyingine aliniuliza tukiwa tunamenya mihogo, "Mwenzangu nimemkosea nini? Mimi ndiye niliyekosewa, nami nimenyamaza. Nimemkosea nini?" Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Niliendelea kumenya.

Karatasi zikaisha hapo. Sikujua kama yule aliyefungwa minyororo alifunguka. Minyaa ikaota uchochoroni, kwanza vijiti vichache unavyoweza kuvisukuma kwa goti, mvua mbili baadaye ukuta mzima, na wale wanawake wawili wakazeeka kila mmoja upande wake. Waliongea na watu wengine kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika, ili wa pili asikie.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Masaki nzima ilikuja, hata shemeji zake, hata yule mtoto wa muuza mkaa ambaye sasa ana pikipiki yake. Jirani hakuja. Kutoka mlangoni kwake hadi kwetu ni hatua thelathini, nimezihesabu. Watu walisema mengi, maana kwetu mtu akikosa kuja kumzika jirani, huo ni ugomvi unaoendelea hadi kaburini. Mimi niliona kingine: kwa siku tatu za matanga, moshi haukutoka upande wake. Hakukaanga.

Wanawake walipogawana nguo za marehemu, niliomba ile kanga. Shangazi akacheka huku machozi hayajakauka. "Msomi huyu! Kanga zote hizo, kachagua yenye matusi."

Baadaye nikahitimu. Siku ya sherehe mjomba alisimama na soda yake akasema, "Jamani, steringi wa ukoo amepatikana. Shida zetu zina mwenyewe sasa!" Vigelegele vikapigwa. Nilitabasamu. Nadhani ndiyo maana vitabu vile huwapa mashujaa kifua cha namna ile: lazima pawe na mahali pa kubandika matarajio ya watu. Mimi nimebandikwa hayo, na natoa kopi. Kila mama anapowaambia watu, "Mwanangu bado anatafuta, lakini atatutoa," naiona kanga ile mbele yangu na yale maneno. Alidhani ngao.

Sasa unaelewa swali langu. Nikimwambia jirani ukweli, lazima niuseme wote: kwamba bibi hakunituma, lakini pia kwamba kanga aliinunua siku chache baada ya baraza, na mimi siamini kwamba aliinunua kwa ajili ya korosho. Nadhani aliinunua ili maneno yale yakae sandukuni badala ya mdomoni. Nikinyamaza, mzee anakwenda Songea na chuki yake, na bibi anabaki na kosa ambalo si lake. Nikisema, nampa nini mtu ambaye hawezi tena kwenda kumwomba mwenzake radhi? Niliandika sababu za kwenda na za kutokwenda nyuma ya kopi zilizoharibika. Zilitoka sawa, nikaandika upya, zikatoka sawa tena.

Ijumaa jioni niliiona kanga imetoka kabatini, iko juu ya begi langu, nami sikumbuki kuitoa. Nikamwomba mwenye duka ruhusa.

Jumamosi nilifika Masaki kabla ya saa nne, kwa magari mawili na bodaboda. Mikorosho ya bondeni haipo. Paliuzwa, wakaikata wakachoma mkaa. Nyumba ya bibi ina wapangaji. Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mizigo miwili imefungwa kando yake, na jiko lake limegeuzwa juu chini. Ukutani chekeche lilikuwa bado limetundikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mjukuu wa jirani yako."

Alinigeuzia sikio. "Yule wa karatasi."

"Ndiyo, bibi."

"Kaa."

Nikakaa chini, nikasema. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuanzia tangu Kibaha, na hayakutoka. Nilisema tu kwamba kanga niliiiba, kwamba nilitaka joho, kwamba aliponiuliza niliogopa kwanza na kujivuna baadaye, na bibi hakujua mpaka anaingia kaburini.

"Hakukutuma."

"Hakunituma."

"Lakini kanga yake."

"Yake. Aliinunua baada ya baraza. Akaifungia sandukuni, akanikataza kuitoa. Hakuivaa hata siku moja."

Alipapasa magoti yake kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Msiba ulikuwa hapo," akasema, akaelekeza kidevu kwenye minyaa. "Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nasikia wanavyolia, namjua kila anayelia kwa sauti yake. Nikasema, siendi, alinivua nguo mbele za watu."

"Siku tatu hukukaanga."

"Ningemkaangia nani?" Kisha akageuza uso upande wangu, na macho yale yenye ukungu yakatua pembeni kidogo ya uso wangu. "Ungekaa nalo, mjukuu wangu. Hasira yangu nilishaizoea, tumezeeka nayo pamoja. Sasa unanipeleka Songea na nini?"

Katika sababu zangu zote nilizoandika, hilo halikuwemo. Nikasema, "Nisamehe, bibi." Akanyoosha mkono.

"Unayo?"

Niliitoa begini. Aliitandaza mapajani, akatafuta pindo, akapitisha kidole chini ya herufi asizoziona, midomo ikitikisika kwa mazoea.

"Soma."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma tena. Vidole vyake vilikuwa vimefika pembeni.

"Hii imepambwa nini?"

"Korosho."

"Siku ile sikuona korosho," akasema. "Niliona maneno tu." Akaikunja mara nne, maneno ndani, kama alivyokunja bibi. Sikujua kama walijifunza pamoja au mmoja alimfundisha mwenzake. "Miche ile niliishika mimi. Alichimba yeye, nikashika mimi, mvua inanyesha. Mitatu." Akaufungua mzigo wake mmoja kwa kupapasa, akaisukuma kanga chini kabisa. "Hii ni yangu. Tangu siku ile ilikuwa yangu."

Mwanawe alikuja na gari, akanishukuru kwa kuja kumuaga mama. Nilimsaidia kubeba. Walipoondoka niliusukuma ua wa minyaa pale ulipokuwa uchochoro, nikapata utomvu mkononi tu. Yule mtoto na joho lake la nailoni hatajua kamwe kwamba mgongo una msomaji. Vitumbua siku hizi vinafungwa kwenye mifuko ya khaki isiyo na hadithi, wala mafuta hayaonyeshi kilicho upande wa pili.

Kijana wa bodaboda aliyenileta alikuwa ananingoja barabarani. Akalitazama begi langu lililolegea.

"Dada, si ulikuja na mzigo? Umeusahau?"

"Hapana," nikasema. "Nimemwachia mwenyewe."